Mifumo isiyosikizana ya tarakilishi yamlemea muuzaji mdogo

BIASHARA baina ya kampuni na kampuni hivi leo haiendeshwi kwa barua na simu pekee, bali pia kwa ujumbe ambao tarakilishi moja huitumia nyingine pasi na binadamu kuugusa. Oda ya bidhaa hutoka katika mfumo wa mnunuzi ikaingia katika mfumo wa muuzaji, na kutokana nayo shehena hupakiwa, ankara huandikwa na malipo hutolewa.

Hayo ndiyo matarajio. Uhalisia ni kwamba mifumo mingi inayotumiwa na wafanyabiashara haisikizani. Kila mmoja una namna yake ya kuandika tarehe, kiasi, bei, jina la bidhaa na mahali pa kuipeleka. Ili mifumo miwili izungumze, sharti awepo mkalimani katikati, na mkalimani huyo ni programu ya kugeuza ujumbe kutoka muundo mmoja hadi mwingine.

Kwa muda mrefu suala hili limeachiwa mafundi, kana kwamba ni jambo la nyaya na vitufe tu. Hata hivyo, swali la nani anamlipa mkalimani huyo, na nani anabeba hasara mkalimani anapokosea, si la kiufundi. Ni swali la uchumi na la haki katika biashara, na nchini Kenya mzigo wake huangukia zaidi mwenye kiwanda kidogo na mkulima anayeuza kupitia maduka makubwa.

Uzito wake umeongezeka tangu Januari 1, 2024. Siku hiyo ndipo ilipoanza kutekelezwa kanuni iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023, kwamba gharama ya biashara isiyokuwa na ankara ya mfumo wa eTIMS, ila zile zilizosamehewa, haikubaliwi kupunguza mapato yanayotozwa kodi. Kwa maneno mengine, ankara nchini Kenya sasa ni ya kielektroniki, ina muundo mmoja, na Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, huiona.

Oda iliyoizaa ankara hiyo, kwa upande wake, haina kanuni ya pamoja. Yaweza kufika kwa baruapepe, kwa WhatsApp, kupitia tovuti ambayo duka husika limewatengenezea wauzaji wake, au kwa ujumbe rasmi wa tarakilishi. Anayeuza kwa maduka matano huenda akalazimika kufungua tovuti tano, kwa maneno ya siri matano, na kuiandika upya kila oda katika programu yake ya hesabu.

Kila mara binadamu anapoandika upya kilichokwisha kuandikwa, kosa hupata mlango. Na ankara ikishatumwa kwa KRA haisahihishwi kwa kalamu. Hati nyingine rasmi sharti itolewe kuirekebisha, nayo hati hiyo isipokubaliana na vitabu vya mnunuzi, malipo husimama.

Tatizo lenyewe si geni. Kati ya 1948 na 1949, Muungano wa Kisovieti ulipoifungia Berlin Magharibi njia za nchi kavu, Marekani na Uingereza zililazimika kuulisha mji huo kwa ndege. Shehena zilifika zikiwa na hati za kila namna, za lugha mbalimbali na zenye idadi tofauti ya nakala, hata kujua kilichofika na kilichopotea kukawa muhali. Sajini wa jeshi la Marekani, Edward Guilbert, pamoja na wenzake, walibuni orodha moja ya shehena iliyoweza kutumwa kwa teleksi, kwa redio au kwa simu.

Funzo la Berlin lilihamia katika biashara ya kawaida. Mnamo 1968 iliundwa kamati nchini Marekani ya kuoanisha data za uchukuzi, na Guilbert alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mnamo 1979 Marekani iliunda kamati ya X12, ambayo viwango vyake vingali vinatumika kwa wingi Amerika Kaskazini. Uingereza ilikuja na kiwango chake cha TRADACOMS mnamo 1982 kwa maduka ya rejareja. Kisha mnamo 1987 Umoja wa Mataifa ukaidhinisha EDIFACT, lugha iliyokusudiwa kuziunganisha nchi zote.

Hapo ndipo penye kinaya. Lugha ya kuziunganisha lugha zote iligeuka kuwa lugha moja zaidi ya kutafsiriwa. Wamarekani hawakuiacha X12. Kampuni kubwa za programu za biashara, kama SAP ya Ujerumani, zilikuwa na miundo yao ya ndani. Mnamo 1998 ulizinduliwa uandishi wa XML, uliosomeka kwa urahisi zaidi, na mwaka mmoja baadaye kampuni za ununuzi wa mtandaoni zikaanza kuujengea miundo yao ya oda. Mnamo 2004 kikatoka kiwango huria kiitwacho UBL. Vyote hivyo vingali vinatumika sambamba.

Ili kuelewa ugumu wa kazi ya mkalimani huyu, ni vyema kutazama oda moja. Chukulia kiwanda kidogo cha sabuni kilichoko Murang'a, ambacho kimeagizwa katoni 200, kila katoni ikiwa na vipande 24.

Katika EDIFACT, hati nzima huitwa ORDERS na kiasi huandikwa hivi: QTY+21:200. Nambari 21 humaanisha kwamba hiki ni kiasi kilichoagizwa, wala si kilichopelekwa wala kilichorejeshwa. Katika X12, hati iyo hiyo huitwa 850, na kiasi hukaa ndani ya mstari unaoanza kwa PO1, pamoja na bei na nambari ya bidhaa, vikitenganishwa kwa alama ya nyota. Kilo katika lugha ya kwanza huandikwa KGM; katika ya pili huandikwa KG.

Kubadilisha KGM kuwa KG ni kazi rahisi. Jedwali dogo latosha. Ugumu huanza pale maneno yanapofanana huku maana zikitofautiana, au maana moja inapobebwa na vitu ambavyo mfumo wa pili hauna nafasi yake.

Mathalan, oda inasema 200. Je, ni katoni au ni vipande? Mfumo wa duka huenda unahesabu katoni kwa kuwa ndivyo ghala lake linavyopokea, ilhali mfumo wa kiwanda unahesabu vipande kwa kuwa ndivyo kinavyouza. Mkalimani asiyeuliza swali hilo atakifanya kiwanda kipeleke katoni 8 na vipande 8 juu, badala ya vipande 4,800. Hakuna tarakilishi itakayolalamika, maana 200 ni nambari halali pande zote mbili.

Bei nayo ina mtego wake. Duka moja huandika bei kabla ya VAT, jingine huandika bei iliyokwisha kujumuishwa kodi hiyo ya asilimia 16. Kipande cha Sh100 huwa Sh116 kikitozwa kodi. Programu ikiichukua Sh116 kuwa ndiyo bei ya msingi, itaitoza kodi mara ya pili na ankara itasoma Sh134.56. Duka litaikataa ankara hiyo, na litakuwa na haki ya kuikataa.

Tarehe ni mtego mwingine. Oda inayotaka bidhaa zifike 03/04 humaanisha Aprili 3 kwa Mkenya, lakini ni Machi 4 kwa programu iliyotengenezwa kwa desturi ya Marekani. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa husisitiza mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku. Hata saa hutatiza. Mifumo mingi huhifadhi saa kwa kipimo cha dunia, ambacho kiko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivi kwamba miadi ya kupokewa ghalani saa mbili asubuhi yaweza kuonekana kama ya saa kumi na moja alfajiri.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na jambo hili. Kila siku huitazama saa iliyoandikwa 8:00 akaisoma saa mbili, bila kufikiri. Hufanya hivyo bila kosa kwa sababu kanuni anaijua na wenzake wote wanaijua. Tarakilishi haina ujuzi huo wa kuzaliwa nao. Sharti iandikiwe.

Kuna hata tatizo linalotokana na tahajia ya majina ya huku kwetu. Katika EDIFACT, alama ya ritifaa ndiyo inayomaliza mstari. Jina Murang'a likiingizwa vivyo hivyo katika anwani, mfumo unaopokea utasoma "Murang", utadhani mstari umekwisha, kisha utaikuta herufi "a" ikisimama peke yake kama mwanzo wa mstari usiojulikana. Ujumbe mzima waweza kukataliwa.

Dawa yake ipo ndani ya kiwango chenyewe: alama ya kuuliza hutangulizwa mbele ya ritifaa, jina likaandikwa Murang?'a, na mfumo unaopokea ukajua kwamba ritifaa hiyo ni sehemu ya jina. Katika X12 ritifaa haina kazi hiyo, hivyo jina hupita salama. Fundi anayegeuza ujumbe kutoka X12 hadi EDIFACT bila kuikumbuka kanuni hiyo hataliona kosa wakati wa majaribio anayofanya kwa majina ya London na Chicago. Ataliona oda ya kwanza ya Murang'a, au ya mzee Ng'ang'a, au ya nyama ya ng'ombe, itakapofika.

Nambari za bidhaa pia zina historia. Msimbo wa mistari uliposomwa dukani kwa mara ya kwanza, mjini Troy katika jimbo la Ohio mnamo Juni 26, 1974, Marekani ilitumia tarakimu 12. Nchi nyingine zilikuja kutumia 13. Bidhaa zilizosajiliwa nchini Kenya huanza kwa 616. Wauzaji wa rejareja wa Amerika Kaskazini walipewa hadi Januari 2005 kurekebisha mifumo yao ili ikubali tarakimu 13. Hadi leo, kuigeuza nambari ya tarakimu 12 kunahitaji sufuri iongezwe mbele, nayo programu za majedwali zina mazoea ya kuifuta sufuri hiyo kwa kudhani haina thamani.

Vipimo vya mazao ya shambani ndivyo vyenye hatari kubwa zaidi katika eneo hili. Gunia la mahindi nchini Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90, ilhali ng'ambo ya mpaka, Tanzania, gunia la kilo 100 ni jambo la kawaida. Oda ya magunia 100 ikivuka Namanga bila uzito kutajwa, tofauti yake ni kilo 1,000 nzima. Wakulima wa viazi wanaifahamu vyema hila hii, kwani ndiyo iliyozaa lumbesa, hadi kanuni za viazi za 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Mfumo wa tarakilishi unaopokea neno "gunia" pasi na uzito huendeleza lumbesa kwa njia ya kisasa.

Makosa ya namna hii yamewahi kugharimu hata mataifa na kampuni tajiri. Mnamo Septemba 23, 1999, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilipoteza chombo kilichokuwa kikifika katika sayari ya Mars, baada ya programu moja kutoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza huku nyingine ikizisoma kwa vipimo vya metriki. Nambari zilipita sawasawa. Maana ndiyo iliyopotea njiani.

Mwaka uo huo, kampuni ya peremende na chokoleti ya Hershey, pia ya Marekani, ilianza kutumia kwa mpigo mifumo mitatu mipya kutoka kwa watengenezaji watatu tofauti, muda mfupi kabla ya msimu wake mkubwa wa mauzo. Oda za zaidi ya dola milioni 100 hazikutimizwa, ingawa bidhaa zilikuwepo ghalani. Maduka yalisubiri, na shehena zikakaa.

Kampuni ya ukubwa huo yaweza kustahimili robo mwaka mbaya. Kiwanda cha watu wanane hakiwezi.

Namna malipo yanavyotolewa katika maduka makubwa ndiyo inayoeleza kwa nini. Kabla ya hundi kuandikwa, hati tatu hulinganishwa: oda, stakabadhi ya kupokea mzigo, na ankara. Zikikubaliana, malipo huingia foleni. Zikitofautiana hata kwa kipimo au kwa senti, huwekwa kando hadi mtu azitazame, na siku za kusubiri, ambazo kwa makubaliano zaweza kuwa 30, 60 au 90, huanza kuhesabiwa upya au kusitishwa.

Sheria ya Ushindani, kama ilivyofanyiwa marekebisho mnamo 2019, huhesabu ucheleweshaji wa malipo ya muuzaji pasi na sababu ya msingi, kinyume cha makubaliano, kuwa matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Ulinzi huo ni mzuri. Lakini hati zisizolingana ni sababu ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuitaja, hata pale ambapo chanzo cha kutolingana ni jedwali la programu yake mwenyewe. Kwa njia hiyo, kosa la mkalimani hugeuka kuwa ngao ya mwenye deni.

Wauzaji wa Kenya wanajua uchungu wa kusubiri. Nakumatt, iliyokuwa mnyororo mkubwa wa maduka nchini, ilifikia ukingoni Januari 2020 pale wadai wake walipopiga kura ivunjwe, na wauzaji wengi hawakuona fedha zao. Kuanguka huko hakukusababishwa na programu za oda. Hata hivyo, kuliacha funzo kwamba kila siku ankara inapokaa bila kulipwa ni siku ambayo muuzaji anamkopesha mnunuzi bila dhamana.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalijui, nalo ni maana ya jibu linalorudi. Mfumo ukipokea oda hutuma uthibitisho, ambao katika X12 huitwa 997 na katika EDIFACT huitwa CONTRL. Uthibitisho huo husema tu kwamba ujumbe umefika na unasomeka. Hausemi kwamba oda imekubaliwa, wala kwamba bidhaa zipo. Kukubali oda kuna hati yake, 855 kwa upande mmoja na ORDRSP kwa upande mwingine. Anayezichanganya mbili hizo ni sawa na anayedhani kwamba posa imekubaliwa kwa kuwa barua imepokewa.

Vivyo hivyo, mtandao ukikatika katikati ya safari, mfumo hutuma ujumbe mara ya pili kwa tahadhari. Mkalimani asiyekagua nambari ya oda atazipitisha zote mbili, na lori mbili zitapakia mzigo wa moja.

Je, suluhisho ni nini? Wapo wanaosema kila kampuni ijitafutie programu ya kuiunganisha na kila mshirika wake. Hesabu inapinga. Wauzaji kumi na maduka kumi, kila jozi ikiwa na mkalimani wake, huhitaji wakalimani 100. Lakini wote wakikubaliana kuhusu lugha moja ya katikati, kila mmoja huhitaji mkalimani mmoja tu wa kumtoa katika lugha yake hadi lugha hiyo. Jumla ni 20.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inaijua hesabu hiyo kwa vitendo. Mnamo 2005 Kenya ilianza kutumia mfumo wa forodha wa Simba, ilhali Uganda ilikuwa ikitumia ASYCUDA, uliobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD. Tanzania baadaye ilijenga wake, TANCIS. Mawakala wa forodha katika mpaka wa Malaba walikuwa wakiandika upya upande wa pili kile walichokwisha kuandika upande wa kwanza. Ndipo mfumo wa RADDEx, uliofadhiliwa na Marekani, ulipoundwa ili kupitisha data baina ya mamlaka za ushuru.

Kilichoifanya kazi hiyo iwezekane ni kwamba forodha tayari ilikuwa na msamiati wa pamoja. Tangu 1988, nchi za dunia hutumia nambari za bidhaa za Shirika la Forodha Duniani. Mahindi ni 1005 Mombasa, ni 1005 Kampala, na ni 1005 Rotterdam. Mkalimani hana haja ya kukisia. Jumuiya ilipoanzisha eneo moja la forodha mnamo 2014, ilijenga juu ya msingi huo.

Leo Jumuiya ina wanachama wanane. Nchi nane zikiunganishwa mbili mbili huhitaji viungo 28. Kwa lugha moja ya katikati huhitaji vinane. Kila mwanachama mpya, kama Somalia iliyojiunga rasmi 2024, huifanya tofauti hiyo iwe kubwa zaidi.

Reli nayo yatoa mfano ambao hauhitaji utaalamu wa tarakilishi. Reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435 baina ya vyuma vyake, ile ya kale ina milimita 1,000. Kontena linaloenda Uganda kwa treni hushushwa Naivasha kutoka behewa la kwanza na kupakiwa katika la pili. Hakuna aliye na makosa, kila reli ni imara kwa upande wake, ila gharama ya kushusha na kupakia hulipwa na mwenye mzigo. Wauzaji wadogo wako katika Naivasha ya aina hiyo kila wanapopokea oda.

Baadhi ya wadau wanaweka matumaini yao katika akili unde, wakisema kwamba programu za siku hizi zaweza kusoma oda ya namna yoyote, hata picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na kuigeuza zenyewe. Uwezo huo upo, na utaokoa vidole vingi. Lakini programu ya aina hiyo inapokosa uhakika huwa na tabia ya kukisia jibu linaloelekea kuwa sahihi. Katika oda, kisio linaloonekana sahihi ni hatari kuliko kosa lililo wazi, kwa sababu kosa la wazi husimamisha ujumbe ilhali kisio hulipakia lori. Akili unde haiwezi kujua kama 200 ni katoni au vipande ikiwa mnunuzi mwenyewe hakusema.

Mambo manne yaweza kufanywa bila kusubiri teknolojia mpya. La kwanza ni serikali, pamoja na vyama vya wauzaji na wenye maduka, kuchagua muundo mmoja huria wa oda kwa soko la ndani. Hakuna haja ya kubuni kipya. UBL haina malipo ya leseni, imekuwa kiwango cha kimataifa tangu 2015, na ni miongoni mwa misingi ya ankara za kielektroniki za Ulaya. Ubelgiji imelazimisha ankara za aina hiyo baina ya kampuni kuanzia Januari 1, 2026, na Umoja wa Ulaya umepanga kufanya hivyo kwa biashara inayovuka mipaka ya wanachama wake kuanzia Julai 2030. Mifumo ya wanunuzi wa Ulaya itaelekea huko, na wauzaji wa parachichi na maua wa Kenya watakutana nayo.

La pili ni majedwali ya vipimo na nambari kuwekwa wazi kwa umma, yakieleza katoni ni nini, gunia ni kilo ngapi, na bei hutajwa kabla au baada ya kodi. Jedwali hilo likiwa siri ya kampuni moja, muuzaji hana njia ya kujua alikosea wapi.

La tatu ni gharama. Mwenye nguvu ndiye anayechagua mfumo, kwa hivyo ni haki alipie daraja la kuufikia. Walmart ya Marekani ilipowataka wauzaji wake mnamo 2002 watumie njia moja ya kupokea ujumbe kupitia intaneti, soko zima lilifuata. Nguvu hiyo hiyo yaweza kutumiwa kuwapunguzia wadogo mzigo badala ya kuwaongezea.

La nne ni ushahidi. Oda asilia, kama ilivyofika kabla ya kugeuzwa, yapaswa kuhifadhiwa pamoja na nakala iliyogeuzwa. Sheria ya Ushahidi inakubali kumbukumbu za kielektroniki kwa masharti yake, na palipo na nakala zote mbili ni rahisi kuonyesha kosa liliingilia wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi, daftari lenyewe ni ujumbe wa tarakilishi.

Wapo watakaosema kwamba soko lijipangie lenyewe. Hata hivyo, Wakenya wameshuhudia vinginevyo. Kwa miaka mingi, aliye katika mtandao mmoja wa simu hakuweza kumtumia pesa moja kwa moja katika akaunti ya simu aliye katika mtandao mwingine. Mnamo Aprili 2018, baada ya kampuni za simu na Benki Kuu kukubaliana, mpango wa kuunganisha huduma hizo ulianza. Programu za kuunganisha zilikuwa zimewezekana kitambo. Kilichokuwa kikikosekana ni makubaliano.

Oda za bidhaa ziko katika hali iyo hiyo. Serikali imekwisha kuonyesha, kupitia eTIMS, kwamba inaweza kuifanya kila ankara nchini iandikwe kwa muundo mmoja inapotaka kodi yake. Mwenye kiwanda cha sabuni kule Murang'a anahaki ya kuuliza kwa nini bidii iyo hiyo haijaelekezwa katika hati inayotangulia ankara, ambayo kwake yeye ndiyo huamua kama mzigo utapokewa na kama atalipwa.